Kwapa la Kushoto la Mzee Wakala

Kwa miaka sita nilimshonea mtu mmoja mifuko ya kuficha bastola ambayo hakuwa nayo. Najua namna jambo hili linavyosikika. Hata mimi siku ya kwanza nilimwuliza kama haingekuwa vizuri anunue kitu chenyewe kwanza, halafu tukitafutie mahali. Alinitazama kwa huruma, akasema mtu hanunui ng'ombe kabla ya kujenga zizi. Kwa kuwa sina ng'ombe, nilinyamaza nikakata kitambaa.

Jina lake silitaji. Koboko nzima ilimwita Wakala, kwa sababu alikuwa wakala wa forodha kule Oraba, mpakani na Sudan, malori yanapovuka kwenda Kaya na kurudi. Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani nyuma ya soko, na nimeshona sare za shule, gomesi za akina mama na kanzu za harusi mpaka vidole vimepinda. Wengine watakueleza tabia yake kwa maneno makubwa. Mimi namjua kwa inchi: kifua arobaini na mbili, bega kumi na nane na nusu, na kwapa la kushoto pana kuliko la kulia, kwa ajili ya ile shughuli yetu.

Kazini hakuwa na mpinzani. Mawakala wengine walitazama mzigo, yeye alitazama kamba. Alikuwa na msemo wake: turubai linanyamaza, kamba inasema. Alizunguka lori mara moja, mikono nyuma, akiuma kijiti cha meno, kisha akamwambia mwenye mali mahali alipoficha alichoficha. Alisema kitu kilichofichwa hakionekani, anayeonekana ni mwenye kukificha, kwa jinsi anavyosimama karibu nacho. Kumbuka maneno hayo, maana yeye mwenyewe aliyasahau kabisa.

Kamba ndizo zilizomletea dereva. Dereva huyo alifika Oraba na lori la sabuni, akamwajiri Wakala amshughulikie karatasi. Wakala akazunguka, akaona mafundo ya aina mbili kwenye turubai moja, akajua mzigo umefungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena na mtu mwingine. Akakataa kutia sahihi. Maofisa walipofungua, chini ya sabuni kulikuwa na sigara za magendo. Lori likazuiwa miezi miwili, masika yakalikuta pale pale wiki ya kwanza, na kwa kuwa turubai lilikuwa limefunguliwa na hakuna aliyejishughulisha kulifunga, lori likaanza kutoa povu. Lilitoa povu siku tatu. Kuku wa Oraba walitembea ndani yake mpaka matumboni. Na dereva, amesimama ndani ya povu hilo, ndala zikielea mbele yake, akamwambia Wakala kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe mzee, mimi nitakutafuta mpaka nyumbani kwako."

Watu walicheka kwa sababu ya povu. Wakala hakucheka. Alikuwa ametishwa mara nyingi katika kazi ile, na watu wanaopiga kelele, alisema, hupiga kelele wakaenda zao. Huyu hakupiga kelele. Tangu siku hiyo Wakala aliamini kwamba mtu mmoja duniani atakuja kumwua nyumbani kwake Lurujo, na kwamba swali ni siku tu. Aliogopa. Nasema hivyo bila kumdharau, maana kila nilipompima alitazama barabara, si kioo, na mtu mwenye nguo nusu mwilini hawezi kumdanganya fundi. Nyumbani alipiga marufuku habari za dereva yule. Mkewe, mama mmoja mpole aliyekuwa na hoteli ya chakula pale pale Oraba, akitaja neno lori tu, mzee aliinuka akatoka nje.

Akaenda Arua kuomba kibali cha silaha. Alikwenda mara nyingi sana, na kila mara alirudi na hadithi. Ofisa mmoja alimwuliza kama amewahi kufyatua bunduki. Akasema hapana. Akamwuliza kama anaiogopa. Akasema sana. Ofisa akaandika kitu, akamwambia wanaosema hawaogopi ndio wanaonyimwa. Kibali kikatoka, na hapo ndipo ilipoanza ile miaka sita, kwa sababu sasa ilibidi achague.

Alitaka rivolva, ile bastola ya gurudumu, kwa kuwa alisikia haikwami hata mtu akiwa na woga. Alitaka ndogo, ya kufichika. Lakini ndogo kiasi gani? Koboko si mahali pa kuuliza swali kama hilo hadharani. Nusu ya nyumba zetu zina mzee aliyekuwa jeshini, au mtoto wa aliyekuwa jeshini, na kila mmoja ana maoni. Barazani kwangu palikaa Sajini mmoja mstaafu, aliyekuja kusubiri suruali moja akabaki miaka. Sajini alisema mtutu mfupi ni aibu, mtu akikuona nao atadhani umetoa kiberiti. Wakala akasema nia ni asiuone. Sajini akauliza sasa bastola ya kutoonekana inamtisha nani. Walibishana jambo hilo peke yake misimu miwili ya mvua.

Kisha wakaja kwenye risasi. Nyingi za zile ndogo zinachukua tano, na ukitaka ya sita gurudumu linanenepa na nguo inajaa. Sajini alisema risasi tano ni matusi. Wakala akasema adui yake ni mmoja. Sajini akauliza itakuwaje akija na ndugu zake. Wakala akafikiri kwa muda mrefu, kwa dhati kabisa, akasema basi hapo atakimbia. Mwaka mwingine wakafika kwenye uzito. Wakala alitaka ile ya bati jepesi ambayo mtu anaisahau mwilini, na hapo Sajini, ambaye siku zote alikuwa mzaha mtupu, aliacha mzaha. "Ile nyepesi iko na hasira," alisema. "Nzito inabeba hasira yake yenyewe, nyepesi inakuachia wewe. Kitu nyepesi, shika vizuri."

Sasa, kwa kuwa mzee alikataa kununua bila kujaribu, na hakuna duka linaloazimisha bastola, alikwenda Dadamu kwa seremala mmoja aliyetoka Kongo, fundi hodari wa milango. Akamwagiza bastola za mbao. Seremala alizichonga kwa mvule, akapiga misumari ya inchi sita ndani zipate uzito. Alichonga fupi na ndefu, nene na nyembamba, ya nyundo, ile ncha ya nyuma inayogonga risasi, iliyo nje na ya nyundo iliyofichwa. Akampa na dhamana. "Mutu akivaa hii, hakuna mutu atajua," alimwambia. Wakala alivaa kila moja mwezi mzima, na kila moja ilidai mfuko wake. Mimi ndiye niliyeamua mambo ya nyundo. Tulijaribu ile ya nyundo nje barazani kwangu, mzee akaambiwa aichomoe haraka, nyundo ikakamata kanzu, na kanzu yote ikapanda mpaka kifuani mbele ya mama wauza nyanya. Tukakubaliana nyundo iwe ya kufichwa.

Lakini tatizo kubwa hatukuliona, mimi na yeye na Sajini na seremala, watu wazima wanne. Tulichagua kwapa la kushoto kwa sababu mkono wa kulia unafika pale upesi. Kiunoni ilishuka akirukuu, mguuni hakuweza kuinama kwa tumbo. Basi kwapa. Na kwetu salamu si ya mdomo. Mtu ambaye hamjaonana siku mbili, kwanza anakutupia mkono wake wa kulia begani, yaani bega lako la kushoto, ndipo mshikane mikono. Mkiwa mmepoteana wiki, anakukumbatia kifua kwa kifua na kiganja kinakupapasa ubavuni. Wazee wanasema tulikuja na salamu hiyo kutoka Sudan. Nimezaliwa nayo, nimesalimiana hivyo maelfu ya mara, na bado katika dunia nzima ya kuficha vitu nikamshonea mzee wangu mfuko mahali ambapo mikono yote ya Koboko inatua.

Siku ya kwanza tu watu kumi na mmoja walijua. Kufikia Ijumaa walijua wote. Na hapa ndipo ninapowapenda watu wa kwetu, maana hakuna hata mmoja aliyesema. Waliona mzee amekusudia iwe siri, wakaitunza siri hiyo kwa pamoja kama watu wanavyotunza kisima. Vijana wa boda walimsaidia kupanda pikipiki kwa upande wa kulia. Dada yake mkubwa, bibi wa miaka sabini na kitu, kila akimkumbatia aliirudisha ile mbao mahali pake kwa kiganja, kimya, huku akimwuliza habari za watoto.

Msikitini ndiko mambo yalikoharibika. Siku moja katika sijida, ile fupi ya mbao ilichomoka ikateleza mkekani mpaka safu ya mbele. Baada ya swala imamu aliiinua, akatangaza kwamba kimeokotwa kitu cha mbao, mwenyewe aje. Msikiti mzima ukatazama dari. Wakala naye akatazama dari. Imamu akarudia. Mwishowe mzee akainuka, akasema anamfahamu mwenye kitu hicho na kwamba anaweza kumfikishia. Imamu akamkabidhi, akamwomba amsalimie huyo mtu, na amwambie mfuko unahitaji kifungo. Jumatatu nikatia vifungo kwenye mifuko yote.

Laiti ingeishia kwenye vichekesho. Alipogundua kwamba mikono inamfichua, badala ya kuiacha mbao, aliacha salamu. Alianza kusimama mbali. Mtu akimjia na mkono umeinuka, anarudi hatua moja nyuma, anaweka kiganja kifuani, anainamisha kichwa. Nimekwambia alikuwa bingwa wa kujua watu kwa jinsi wanavyosimama karibu na walichoficha, na sasa yeye ndiye aliyesimama hivyo, mchana, mbele ya wilaya nzima. Wageni hawakujali. Lakini wakwe zake, wazazi wa mume wa bintiye, walipokuja kutoka upande wa Arua kumwona binti huyo aliyejifungua, baba wa mume alifungua mikono yake yote miwili na Wakala akarudi nyuma. Yule baba akabaki na mikono wazi. Walikula, waliondoka na heshima zao, na mwaka mzima hawakurudi. Nilimwambia mzee kwamba anaogopa mtu mmoja na kwa ajili yake anawakimbia watu wote. Alinijibu kwamba mimi sijaahidiwa kutafutwa. Nilikasirika, na kwa kweli bado nikikumbuka nakasirika kidogo, kwa sababu niliendelea kushona.

Ile ya kweli aliinunua mwaka wa sita, Kampala, katika duka lenye leseni. Mtutu wa vidole viwili, risasi tano, nyundo imefichwa, nyepesi. Yaani kila alichokataa Sajini. Mkufunzi alimpeleka uwanjani akafyatua mara moja, na kwa maelezo yake mwenyewe alijikuta amekaa chini. Aliporudi Koboko hakuna aliyetambua tofauti na zile za mbao. Dada yake tu alipomsalimia kwa nguvu, kabla hajakwepa, alisema leo iko baridi.

Mwaka huo huo mkewe akafa. Aliugua wiki mbili, akaenda. Tulimzika Lurujo siku ile ile, na siku ya pili ya tanga nilikuwa pale, kwenye mikeka chini ya turubai. Msiba hauna kurudi nyuma hatua moja. Watu wanakuja, wanakukumbatia, huwezi kuwaambia wasimame mbali na mke wako. Mzee alisimama tangu asubuhi, akakumbatiwa na kila mtu, na mimi niliyekaa nyuma yake niliona jambo ambalo fundi tu angeliona. Kanzu ilikuwa imempwaya. Kifungo cha mfuko kilikuwa kimefunguka, na kwa kila mkono uliompapasa, ile bastola ilikuwa inashuka kidogo kidogo.

Mchana akaja mtu mmoja mrefu, mvi kidogo, ndala mkononi. Mawakala wote wa Oraba waliokuwa pale waligeuka kwa pamoja, na mmoja akaninong'oneza kwamba huyo ndiye yule wa povu. Nilimtazama mzee. Miaka saba alimngoja mtu huyu, na mtu amefika, nyumbani kwake Lurujo, kama alivyosema. Mkono wa kulia wa Wakala ulianza kupanda kifuani.

Dereva hakusimama mbali. Alimtupia mkono begani, akamvuta, akamkumbatia, na kiganja chake kikashuka ubavuni, pale pale panapojulikana, kikasimama. Kilikuwa kimegusa chuma. Nilimwona akifumba macho. Kisha akasema, polepole, kwa sauti ile ile ya Oraba niliyosimuliwa mara mia, "Mzee, hii kitu yako iko nataka kuanguka." Akaisukuma juu kwa vidole viwili, akaiingiza mfukoni, akafunga kifungo changu, wakiwa bado wamekumbatiana.

Ndipo akalia. Alilia vibaya, mpaka dada yake Wakala alimletea maji. Akaeleza, kwa kituo, kwamba ile miezi miwili lori lilipozuiwa alilala chini yake, hana shilingi wala ndugu, na kila mchana mama mwenye hoteli alimpelekea sahani. Enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, na maharage, siku nyingine samaki. Hakumjua ni mke wa nani mpaka wiki ya tatu, na alipojua akaacha kula. Mama akamfuata hadi kwenye lori, akamwambia maneno mawili. "Mume wangu iko kazi yake," alimwambia. "Chakula iko kazi yangu." Hasira zake, alisema, ziliisha hapo hapo, na alikuwa amesahau kabisa kama aliwahi kumtisha mtu.

Mkewe alijua, basi. Alijua miaka yote kwamba hakuna anayekuja. Hakusema kwa sababu nyumba ile ilikatazwa kusema, na kila alipolitaja lori mzee alitoka nje. Wakala alisikiliza mpaka mwisho, akakaa mkekani polepole, akasema kwamba siku nyingi jioni mkewe alianza sentensi moja tu, ile ile, na yeye hakuingoja imalizike hata siku moja.

Nilimwona tena baada ya miezi minne. Alishuka kwenye boda mbele ya baraza langu, amevaa shati la mikono mifupi, na mfuko mkubwa wa nailoni mkononi. Alikuwa ametoka Arua kurudisha bastola kwa polisi, na karatasi yao alinionyesha ikiwa imekunjwa mara nne. Katika mfuko kulikuwa na kanzu saba na makoti mawili. Alitaka nifumue kila nilichoshona kwapani. Sajini alikuwa pale, akamwuliza kama amegundua sasa kwamba tano zilikuwa chache. Wakala akasema zilikuwa tano nyingi mno.

Nilifumua mpaka adhuhuri. Vipande vya mifuko vilirundikana miguuni, vifungo nikavitia kwenye kopo. Kwa kuwa makwapa sasa yalikuwa mapana bila sababu, ilibidi nimpime upya ili niyapunguze. Kifua thelathini na nne. Nilipima tena nikidhani utepe umepinda. Sikumwambia nambari, naye hakuuliza, alitazama tu soko kama mtu anayeijua tayari. Sajini aliinuka akaenda kusimama kwa wauza nyanya, na suruali yake wala haikuwa tayari.

Nilipomaliza aliinuka kwenda, nami nikampa mkono, maana kwa miaka sita nilikuwa nimejifunza kumpa mkono tu. Aliusukuma pembeni. Akanitupia mkono begani, akanivuta kifuani kwake mbele ya soko zima. Na kiganja changu, kwa mazoea, kwa kazi ya miaka yote ile, kilikwenda chenyewe chini ya kwapa la kushoto. Hakikukuta mbao wala chuma. Kilikuta mbavu, na ningeweza kuzihesabu.

"Unatafuta nini, fundi?" aliniuliza sikioni.

"Hakuna kitu, mzee. Iko wewe tu."

Nilidhani ataniachia. Hakuniachia. "Kitu nyepesi," alisema. "Shika vizuri."